Jinsi ya kutambua aina za sentensi za Kiingereza (simple, compound, complex, compound-complex): mwongozo kamili kwa wanafunzi na wazazi

Nianze na kitu ambacho ndo kinaangusha watu wengi hapa Mwanza na naamini hata kwingine: mwanafunzi anapima sentensi kwa urefu. Akiona ndefu imejaa koma anasema hii ni complex, akiona fupi anasema simple, basi kamaliza. Urefu hauhusiki kabisa. Angalia hii:

"In the early hours of the morning, the tired fishermen from Igombe and Kayenze, with their lamps and their wet nets, rowed slowly back to the shore."

Maneno kibao, koma tatu, lakini ni simple. Sasa angalia na hii: "I left when he came." Maneno matano tu na ni complex. Ukishajua kwanini hizo mbili ziko hivyo umeshaelewa zaidi ya nusu ya somo, na sababu iko kwenye vitenzi. Kwahiyo mwongozo wote huu unaenda hivi: tafuta vitenzi, tafuta viima vyake, halafu ndo uangalie maunganisho. Ukibadili huo mpangilio ukaanza na kutafuta "and" na "because" utadanganyika, nitaonyesha wapi.

Kitu kidogo kabla hatujaanza ili usichanganye. Kuna kugawa sentensi kwa kazi yake, yaani inatoa taarifa, inauliza, inaamuru au inashangaa, na kuna kugawa kwa muundo. Hapa naongelea muundo tu. Swali linaweza kuwa simple, linaweza kuwa complex, hayo ni mambo mawili tofauti.

Na msamiati tutakaotumia ni ule ule wa somo la Kiswahili. Kishazi ni kipande chenye kiima na kitenzi. Kishazi huru kinajitegemea, kishazi tegemezi hakiwezi. Ukiwa na hivyo viwili mkononi unatosha.

HATUA YA KWANZA: tafuta vitenzi vyenye wakati

Chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi kilichobeba wakati, yaani kinachokuambia jambo lilitokea jana, linatokea sasa au litatokea. Hapa ndo pa kukaa muda mrefu kuliko pote maana Kiingereza kina vitu vingi vinavyofanana na kitenzi na havihesabiwi.

"The women selling dagaa at Mwaloni want to close early today."

Mwanafunzi atapigia mstari selling, want na close, atasema vitenzi vitatu. Hapana, ni kimoja tu, want. Neno lenye -ing likiwa peke yake bila is, are, was, were na wenzake halina wakati. Kitenzi kilichotanguliwa na to nacho hakina. Hiyo sentensi ni simple.

Kinachosumbua zaidi ni ile fomu ya tatu ya kitenzi, sababu kwa vitenzi vingi inafanana kabisa na wakati uliopita:

"The fish caught at night was sold in the morning."

Caught inaonekana kama kitenzi kamili cha wakati uliopita. Sasa kuna jaribio moja ambalo mimi nawafundishaga wote ninaowasaidia kwenye tuisheni jioni, na linafanya kazi kila mara: badilisha wakati wa sentensi. Chukua hiyo hiyo uifanye iwe jambo la kila siku. Unapata "The fish caught at night is sold in the morning." Umeona nini kimebadilika? was imekuwa is. Caught imebaki pale pale. Kile kinachobadilika unapohamisha wakati ndo kitenzi chenye wakati, kinachobaki vile vile usikihesabu. Jaribu na ile ya Mwaloni: "The women selling dagaa at Mwaloni wanted to close early." want imegeuka, selling na close hazijaguswa. Mtoto wa Form Two akilishika hili jaribio utamwona anaanza kuandika herufi ndogo juu ya kila kitenzi, was juu ya is, wanted juu ya want, na baada ya hapo hakisii tena.

Halafu kumbuka kitenzi kimoja kinaweza kuwa na maneno mengi. "has been waiting" ni kitenzi kimoja, "must have been stolen" kimoja, na kwenye swali kinakatwa katikati kabisa: "Did the ferry leave?" did na leave ni kitu kimoja, hapo katikati amekaa kiima tu.

Kwa walioko chuo: mtakutana na wanaisimu wanaohesabu hata vile vipande vya to na -ing kuwa ni vishazi visivyo na wakati, na kwa hesabu yao ile sentensi ya Mwaloni itakuwa complex. Hawajakosea, ni mfumo mwingine. Lakini kwa mtihani wa sekondari unaohesabiwa ni wenye wakati tu, kwahiyo ukiwa Form Three usijichanganye na hilo.

HATUA YA PILI: kila kitenzi mpe mwenyewe

Sasa uliza kila kitenzi, nani au nini kafanya? Hapa sisi tunaoongea Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe na sijui kwanini hausemwi madarasani. Kwenye Kiswahili kiima kinajishika kwenye kitenzi chenyewe. Tunasema "wavuvi walivuta nyavu, wakapakia samaki, wakaondoka", kila kitenzi kina wa- yake. Kiingereza kinasema:

"The fishermen pulled the nets, loaded the fish and left."

Vitenzi vitatu, lakini mwenyewe ni mmoja, the fishermen, katajwa mara moja tu. Hiyo ni simple. Mwanafunzi akiitafsiri kichwani kwa Kiswahili anasikia vishazi vitatu anaandika compound, anakosa. Sasa ongeza neno moja tu:

"The fishermen pulled the nets, and they left."

Kiima kimerudi tena, they. Sasa kuna vishazi viwili, ni compound. Watu ni wale wale lakini kwa muundo kila kitenzi kimepata kiima chake kilichoandikwa. Kinyume chake pia kipo, viima viwili kitenzi kimoja: "Tilapia and Nile perch sell quickly." Ni simple, hiyo and imeunganisha samaki tu, haijaunganisha vishazi.

Kwenye amri kiima hakionekani ila kipo, ni wewe unayeambiwa. "Bring the bucket" ni simple. "Call me when you reach Nyegezi" ni complex, call ina you iliyojificha na reach ina you inayoonekana.

HATUA YA TATU: kama vishazi ni zaidi ya kimoja, angalia vimeunganishwaje

Ukikuta kishazi kimoja umemaliza, ni simple, weka kalamu chini. Ukikuta viwili au zaidi ndo unatafuta kiunganishi.

Kuna viunganishi saba vinavyounganisha vishazi vyenye hadhi sawa: for, and, nor, but, or, yet, so. Ukichukua herufi za mwanzo unapata FANBOYS, wengi mnalijua hilo. Pande zote mbili zikiwa kishazi huru, ni compound. "The bus was full, so we walked." "He does not eat dagaa, nor does he sell it." Hiyo ya nor angalia does imeruka mbele ya he, ndivyo ilivyo, usiogope.

Compound inaweza pia kuunganishwa na nukta mkato bila neno lolote: "The wind was strong; the ferry did not leave." Ukiongeza therefore au however baada ya nukta mkato bado ni compound, ila elewa kwamba therefore haijaunganisha chochote, iliyounganisha ni nukta mkato. Ndo maana ukiweka koma tu ukaandika "The wind was strong, therefore the ferry did not leave" mwalimu makini atakukata. Na ukiandika "The wind was strong, the ferry did not leave" kosa ndo linaonekana wazi zaidi. Kwa Kiswahili "upepo ulikuwa mkali, kivuko hakikuondoka" inapita bila shida, Kiingereza rasmi hakikubali koma ibebe vishazi huru viwili peke yake.

HATUA YA NNE: vishazi tegemezi, na vinakuja kwa sura tatu

Kishazi tegemezi ni kama mtumbwi usio na injini unaovutwa na boti, una kila kitu cha mtumbwi lakini haufiki peke yake. Msomee mtu "Although the lake was rough" halafu nyamaza, atakuuliza eehee, ikawaje?

Sura ya kwanza ndo rahisi, inaanza na because, although, when, while, if, unless, until, before, after, since, so that na wenzao. "Because the engine failed, we spent the night on the island." Kikitangulia mbele weka koma, kikija nyuma mara nyingi koma haihitajiki. Na hapa kuna mawili ya kwetu. La kwanza, Kiswahili kinaruhusu "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulienda", Kiingereza hakiruhusu although na but kwenye sentensi moja namna hiyo, chagua moja. Ukichagua although umepata complex, ukichagua but umepata compound, maana ni ile ile ila aina imebadilika. La pili, kwenye Kiswahili tulifundishwa sentensi shurtia kama aina yake ya peke yake. Kwenye Kiingereza ukigawa kwa muundo hiyo aina haipo, sentensi yenye if inaingia kwenye complex. Mwanafunzi anayetafuta kundi la nne akidhani ni shurtia atapotea, kundi la nne la Kiingereza ni compound-complex.

Sura ya pili ni kishazi kinachoelezea nomino, cha who, which, that, whose, where. Shida yake kinakaa katikati ya kishazi huru kukikata vipande viwili:

"The man who repairs engines at Kirumba lives in Igoma."

Vitenzi ni repairs na lives. Mwenye repairs ni who, mwenye lives ni the man. Zungushia duara kuanzia who mpaka Kirumba halafu soma kilichobaki: The man lives in Igoma. Kimesimama vizuri, basi huru ni kimoja na tegemezi kimoja, complex. Kuzungushia duara na kusoma kilichobaki ni njia nzuri sana, itumie kila ukikwama.

Halafu kuna mkorofi wa sura hii, pale neno la kuunganisha limeachwa kabisa:

"The boat we hired leaked all the way to Ukerewe."

Hakuna who, hakuna which, hakuna and. Wengi wanaandika simple. Lakini rudi kwenye hatua ya kwanza na ya pili, vitenzi hired na leaked, wenyewe we na the boat. Vitenzi viwili wenyewe wawili, haiwezi kuwa simple hata iweje. Kilichotokea ni kwamba that imedondoshwa, the boat that we hired. Ukiona vitenzi viwili vyenye wakati, viima viwili, na hamna kiunganishi wala nukta mkato, shuku that iliyofichwa. Hii ndo sababu nilisema usianze na viunganishi.

Sura ya tatu ni kishazi kinachofanya kazi ya nomino. "She said that the price had gone up." "I know he is lying." Hiyo ya pili that imefichwa tena. Na ngumu kuliko zote: "What the captain said frightened the passengers." Ukiondoa "What the captain said" kinachobaki ni "frightened the passengers", hakijasimama, na watu wanasema sasa kishazi huru kiko wapi? Kishazi chote cha what ndo kiima cha frightened. Badala ya kukiondoa, weka it mahali pake: "It frightened the passengers." Kimesimama. Ni complex.

HATUA YA TANO: hesabu

Huru kimoja bila tegemezi, simple. Huru viwili au zaidi bila tegemezi, compound. Huru kimoja na tegemezi hata vitano, complex. Huru viwili au zaidi na tegemezi angalau kimoja, compound-complex. Hamna zaidi ya hapo.

Tufanye moja pamoja kuanzia mwanzo:

"When the wind dropped, the fishermen lit their lamps, and the dagaa began to gather near the boats."

Vitenzi vyenye wakati: dropped, lit, began. To gather tunaiacha. Wenyewe: the wind, the fishermen, the dagaa. Maunganisho: when kabla ya cha kwanza, kwahiyo hicho tegemezi, halafu and kati ya cha pili na cha tatu, vyote vinasimama. Huru viwili tegemezi kimoja, compound-complex.

Sasa mtego ambao unawakamata hata wazuri. "He said that the road was closed and the ferry was full." Vitenzi said, was closed, was full. Wanaona that, wanaona and, wanaandika haraka haraka compound-complex. Jiulize, hiyo and imeunganisha nini na nini? Imeunganisha mambo mawili aliyoyasema, yaani tegemezi na tegemezi. Huru ni kimoja tu, he said. Ni complex. Linganisha na "He said that the road was closed, and we believed him." Hapa and imeunganisha he said na we believed, huru kwa huru, hii ndo compound-complex. Kila ukiona and kwenye sentensi yenye that, simama uulize hilo swali.

MANENO YENYE SURA MBILI

After, before, since na until yanaweza kuwa viunganishi au yakawa yanabeba nomino tu. "After the storm, the ferry left" ni simple, baada ya after kuna nomino basi. "After the storm passed, the ferry left" ni complex, kuna passed na mwenyewe the storm. "After selling the fish, he went home" ni simple, selling haina wakati. For nayo, "He waited for the ferry" hiyo siyo kiunganishi. Because of siyo because. Na so ikimaanisha kwahiyo inatengeneza compound, ila so that inayoonyesha lengo inatengeneza complex: "We left early so that we could get seats." Tahadhari, that inaweza kudondoka hapo pia, "We left early so we could get seats", jaribu kuirudisha that, ikikaa vizuri ujue ni lengo, kwahiyo complex.

MAZOEZI

Funika majibu, chukua daftari, pigia mistari vitenzi kwanza.

A. "Lake Victoria touches Tanzania, Uganda and Kenya."
B. "Nile perch was not native to the lake; it was introduced there in the twentieth century."
C. "Saanane, which became a national park in 2013, is a small island near Mwanza town."
D. "Before the bridge between Kigongo and Busisi opened in 2025, people crossed by ferry, and lorries waited in long queues."
E. "The nets bought last month have already torn."
F. "Do you remember the hotel we stayed at?"
G. "The trader washed the fish, weighed it, packed it in ice and sent it to the factory before noon."

A ni simple, touches peke yake, and inaunganisha nchi. B compound, nukta mkato kati ya was na was introduced. C complex, zungushia which mpaka 2013 usome kilichobaki. D compound-complex, opened ni tegemezi, crossed na waited ni huru. E ni simple, badilisha wakati uone: have torn inakuwa had torn, bought haisogei. F complex, ni swali lakini vitenzi ni do remember na stayed, wenyewe you na we, na that imefichwa kabla ya we. G ndo inayokosewa kuliko zote: vitenzi vinne, washed, weighed, packed, sent, mwenyewe mmoja the trader, na before imebeba noon tu. Ni simple. Kama umeandika compound-complex rudi hatua ya pili usome tena ile sehemu ya "wakapakia, wakaondoka", halafu jaribu kuiandika upya hiyo G mwenyewe iwe compound kwa kuongeza kiima kimoja tu na kiunganishi kimoja.